Furushi la Wakesho na Sauti za Wazee

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani za juzi tu, digrii zilipokuwa nyingi kuliko chumvi na kazi adimu kuliko mvua, kulikuwa na redio ndogo katika milima ya Taita. Kompyuta yake moja, kuukuu, ilibeba sauti za wazee mia tatu. Wengi wao walikwisha kuzikwa.

Siku moja diski ikaanza kukwaruza. Mghoi, karani wa kibarua kwa miaka kumi na tisa, akachomoa waya papo hapo.

"Washa!" akafoka meneja.

"Mgonjwa wa kifua hakimbizwi."

Siku tisa akatukanwa, siku tisa akakataa.

Meneja akamwita Wakesho, mwenye first class ya kompyuta na miaka minne ya kuambiwa "we'll call you". "Sauti zikiokoka, kuna ajira moja. Moja tu."

Wakesho akakubali. Kabla hajafika nyumbani, mama yake alikwisha kulitangazia kanisa zima.

Dawa ilikuwapo. Mwakio, aliyesoma naye na sasa anachaji simu za watu sokoni, aliandika programu ya kunakili diski mbovu, akaitoa bure. Ilikuwa na subira ya ajabu: ikigonga pabovu inaruka, kisha inarudi polepole. Lakini ilitembea kama bwana harusi, na ukoo mzima wa programu nyingine nyuma yake. Kompyuta ile ingewalisha nini?

Wakesho akatafuta Linux nyepesi, mfumo wa kuwashia kompyuta, wa kuenea kwenye flashi. Akaipunguza programu. Picha, nje! Maelezo, nje! Jamaa wasiofanya kazi, nje! Hata lile swali la "Una hakika?" kabla ya kunakili, nje!

"Mimi nina digrii, bwana. Hakika ninayo." Akafunga furushi lake ndani ya flashi.

Siku ya kumi wakachomeka diski mpya, B, kando ya ile ya zamani, A, wakawasha. Wakesho akaandika amri mbiombio, kidole kikaelea juu ya Enter.

"Ngoja, mwanangu," akasema Mghoi, miwani puani. "Mashine siijui, ila kila karatasi huisoma mara mbili. Hapa umeandika kutoka B kwenda A. A si ndiyo ya wazee? Herufi hiyo nimeiandika juu yake mwenyewe kwa kalamu."

Damu ikamganda Wakesho. Diski tupu ilikuwa inakwenda kuwafuta wazee wote. Akageuza herufi, akabonyeza.

Saa saba zikapita. Wakafungua sauti ya kwanza. Bibi mmoja akasikika, kwa Kidawida, lugha ya milima ile, akicheka: "Mfukuzeni kuku huyo, mimi naongea!"

Mghoi akashika meza. "Huyo mama yangu."

Miaka kumi na mmoja kaburini, na bado anagombana na kuku! Wakesho akaongeza sauti. Nywele zikamsimama. Hata meneja akavua kofia.

Mwakio naye, habari zimemfikia sokoni, akafika mbio. "Bila programu yangu mngekuwa mnaliombea hilo bati!"

"Programu yako ingebaki mlangoni na shangazi zake," Wakesho akamkata. "Nani aliibeba?"

"Na ningewasha siku ile, mngebeba nini?" akauliza Mghoi. "Na kidole hicho, mwanangu, alikizuia nani?"

Meneja akatoa fomu moja ya ajira. Kalamu ikasimama hewani, na marehemu bado anafukuza kuku.

Haya, mliosoma na msiosoma, kalamu nawapa ninyi: mngeandika jina la nani?