Siku Mbwa Wote Walipohama Kasrini

Hapo zamani, watu walipokuwa wachache na wapumbavu wengi kama walivyo leo, palikuwa na Sultani katika mji wa Kitopeni, jina lake Sultani Harithi. Tumbo lake lilikuwa la kifalme, kilemba chake cha kifalme, lakini ulimi wake ulikuwa wa mchukuzi aliyeangukiwa na gunia mguuni. Kila aliyemkera alikuwa mbwa. Kahawa ikipoa, mpishi mbwa. Mlango ukilia, bawabu mbwa. Mvua ikinyesha siku ya matembezi, basi waziri ndiye mbwa, kana kwamba mawingu yalikuwa yake.

Na tena neno la Sultani lilikuwa halirudi nyuma. Mwaka mmoja alinunua punda akidhani ni farasi, akasema mbele ya baraza, "Tazameni farasi wangu!" Hakuna aliyethubutu kumsahihisha, maana kumkanusha Sultani ilikuwa viboko arubaini. Karani wake, Bwana Lali, akaandika "farasi" katika daftari la maneno ya Sultani, na punda yule akawekewa tandiko la hariri, akala shayiri mpaka akanenepa, na kila akilia watu walisema, "Sikieni farasi!"

Basi, katika mtaa wa Kasrini, nyuma kabisa ya ukuta wa jumba la Sultani, alikaa mjane mmoja aitwaye Siwatu. Mali yake yote ilikuwa kibanda, mbuzi watatu na mbwa mmoja. Maziwa ya wale mbuzi ndiyo yaliyomlisha, na yule mbwa ndiye aliyewalinda mbuzi na chui, kwa kuwa nyuma ya kibanda msitu ulianza. Mbwa huyo Siwatu alimwita Sisemi, kwa sababu alikuwa habweki ovyo. Akibweka, ujue kuna jambo.

Ikawa siku moja Tajiri Nasoro, jirani mwenye nyumba ya ghorofa, alikuwa akipita kwenda msikitini, na Sisemi akamgusa pindo la kanzu kwa pua yake iliyolowa. Lo! Yule bwana alipiga ukelele utadhani kaumwa na nyoka. Alirudi nyumbani akafua kanzu mara saba, na kwa udongo, na huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza kanzu ile kuonana na maji tangu Idi. Kisha akakusanya matajiri wenzake, wakaenda kwa Sultani.

"Maulana," wakasema, "mtaa wetu ni mtaa wa watu wenye heshima. Haufai kuwa na mbwa."

Sultani alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hutoa hukumu fupi. Mbiu ya mgambo ikalia mtaa mzima: "Kesho, jua lisisimame kichwani mbwa yeyote akiwa ndani ya Kasrini! Atakayekutwa atauawa kwa rungu, na atakayemficha nyumba yake itabomolewa!"

Siwatu aliposikia hakulia. Alimtazama Sisemi, akawatazama mbuzi, akajua kwamba mbwa akienda, mbuzi hawatamaliza juma, na mbuzi wakiliwa, yeye naye atafuata. Basi akajifunga kanga yake, ile isiyo na tundu kubwa, akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "mbwa wangu hana kosa ila pua yenye maji. Nirehemu."

"Nyamaza, mbwa wewe!" akanguruma Sultani.

Siwatu akainamisha kichwa kwa adabu. Wengine wangeona wametukanwa. Yeye aliona amepewa kitu.

"Nimesikia, Maulana. Ila mimi ni ajuza sijasoma, nataka kuelewa amri nisije nikaikosea. Mbwa ni yupi? Ni mwenye mkia? Ni mwenye kubweka? Nani aamuaye?"

"Naamua mimi! Niliyemwita mbwa ni mbwa, hata akiwa na pembe! Lali, andika, ajuza huyu asinirudie tena na upumbavu wake."

Bwana Lali akaandika. Siwatu akashukuru mara tatu, akaondoka, na watu wakasema, "Maskini, akili zimemruka."

Asubuhi yake, Siwatu akatoka na Sisemi nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la Sultani. Mpishi Feruzi alikuwa akichochea moto.

"Feruzi mwanangu, jana Sultani alikuitaje?"

"Kama kawaida yake, mama. Mbwa."

"Na leo?"

"Leo bado hajaamka."

"Basi funganya. Umeisikia mbiu."

Feruzi akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Lakini mimi si mbwa, mama."

"Si mbwa? Unamkanusha Sultani? Hivyo viboko arubaini utavipokea kwa mgongo wa nani?"

Feruzi akafikiri kidogo, akamwaga maji juu ya moto, akachukua mwiko wake na mkeka wake, akatoka. Mlangoni bawabu akauliza kulikoni, akaelezwa, naye akatupa ufunguo na kutoka. Askari waliokuwa wameshika marungu ya kuulia mbwa wakatazamana, kwani wao walikuwa wakiitwa mbwa kwa safu, kumi kumi. Wakayaweka marungu chini, wakajipanga nyuma ya Sisemi. Habari ikakimbia kuliko miguu. Wafuaji wakatoka na nguo zikichuruzika, wazee wa baraza wakatoka na tasbihi zao, na waziri naye akatoka akishikilia kilemba, kwani ile mvua alikuwa hajaisahau.

Wakati huo Sultani alikuwa kaketi, Mbaruku kinyozi akimnyoa ndevu. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Wembe ukateleza kidogo.

"Umenikata, mbwa wewe!"

Mbaruku akaufuta wembe taratibu, akaukunja, akautia mfukoni. "Kwaheri, Maulana," akasema, "jua linapanda, nami sitaki kufa." Akaenda zake.

Sultani akaita kahawa. Kimya. Akaita maji. Kimya. Akaita askari waje wamkamate kinyozi, wapi! Jumba zima likawa linamjibu kwa sauti yake mwenyewe. Alipochungulia dirishani, akaona mtaa mzima ukitembea na mikeka kichwani, na mbele yao ajuza mmoja na mbwa mmoja. Akashuka mbio, shavu moja jeupe kama yai, shavu jingine kama kichaka, akawakuta kwenye mpaka wa mtaa.

"Mnakwenda wapi, nyinyi mb..." Akajikwaa mwenyewe kwenye neno.

"Malizia, Maulana," akasema Siwatu. "Hapa amebaki Tajiri Nasoro tu, hajawahi kuitwa. Tusimwache peke yake na ghorofa yake."

Tajiri Nasoro, aliyekuwa akitazama na kutabasamu, akaacha kutabasamu.

"Rudini!" akasema Sultani. "Nyote ni watu. Nasema mimi!"

Bwana Lali, aliyekuwa naye amebeba mkeka wake, akafungua daftari. "Maulana, hapa pameandikwa: niliyemwita mbwa ni mbwa. Kama leo ni watu, basi jana Maulana alisema uongo. Niandike hivyo?"

Sultani akatazama juu. Jua lilikuwa limebakisha kidogo tu kufika kichwani. Ndipo akaja Badi, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu zake, na furushi la nguo kwapani.

"Na wewe?" akauliza Sultani. "Wewe sijakuita mbwa hata siku moja!"

"Kweli, baba. Mimi huniita mwana wa mbwa."

Watu wote wakawatazama baba na mwana, kisha wakamtazama baba peke yake, na kila mmoja akamaliza hesabu ile kichwani mwake. Siwatu akaokota rungu moja lililoachwa njiani, akamnyooshea Sultani kwa mikono miwili.

"Jua limesimama, Maulana. Hili tumpe nani?"

Sisemi akasogea, akamnusa Sultani miguu, akainua kichwa, akabweka mara moja. Sultani akashtuka, akajishika lile shavu lenye kichaka, na akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, na waliobaki wakacheka baada yake, kwa tahadhari, kisha bila tahadhari.

"Lali," akasema akifuta machozi, "futa amri ya mbwa. Andika: mbwa akae kwa mwenyewe, na mwenyewe amfunge saa za sala. Na ajuza huyu ajengewe zizi la mawe."

"Na mlango wake uwe wa mbao ngumu," akasema Siwatu, "maana chui hasomi daftari."

Wakarudi wote, na Mbaruku akamalizia lile shavu la pili.

Siku ya pili kahawa ikapoa. Sultani akavimba, akafungua kinywa: "Ewe mb..." Bwana Lali akachovya kalamu kwenye wino. Sultani akaitazama ile kalamu.

"Ewe mbora wa wapishi," akasema, "imepoa."

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyecheka ni wetu, na aliyenuna akafue kanzu.