Mkono Usiotia Udongo

Hapo zamani, si zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzi ambayo walioiona wangali hai, palikuwa na mtunzi wa nyimbo aliyeitwa Wenseslaus Mloka, mtu wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Alipiga gitaa katika bendi ya dansi mjini Morogoro. Alitunga nyimbo nyingi, lakini watu walimjua kwa mmoja, "Nakungoja Kituoni". Baadhi yenu mnaonisikiliza mmezaliwa kwa sababu wazazi wenu waliucheza wimbo huo.

Sauti ya wimbo huo hakuitunga Wenseslaus. Aliitunga dada yake, Skolastika, kumbembelezea mtoto wake wa pekee, binti. Haikuwa na maneno. Aliivumisha mdomo umefungwa, mtoto akalala. Siku homa ilipomchukua yule mtoto, Skolastika alimpakata akaendelea kuivumisha mpaka majirani wakaingia. Wakwe zake wakasema, "Mwanamke gani huyu? Wenzake wanalia, yeye anamwimbia maiti." Wakamrudisha kwao, na neno hilo likamfuata.

Wenseslaus alikuwa amekaa nje ya ukuta siku ile, akasikia yote. Baadaye akamwambia, "Dada, sauti ile naiomba."

Skolastika akasema, "Ichukue. Lakini mtoto usimtaje, kwa mtu yeyote."

Wenseslaus akaichukua, akaitia maneno ya mwanamume anayemngoja mpenzi wake kwenye kituo cha treni. Kila mara wimbo huo ulipofika mwisho, aliwanyamazisha wenzake akaipiga sauti ile peke yake, polepole. Watu walidhani ni maringo.

Shikeni neno la Skolastika kama alivyolisema. Jina la yule binti mimi silitaji.

Wenseslaus akafariki, watu wakataka kutengeneza filamu ya maisha yake. Hapo ndipo wanapoingia watu watatu.

Wa kwanza ni Bwana Idrisa Kilongo, mtayarishaji, mwenye kauli ya mwisho juu ya nini kitoke na nini kibaki. Wa pili ni Tunu Msangazi, mwongozaji, aliyewaelekeza waigizaji. Wa tatu ni Benedikto, mtoto wa Wenseslaus, aliyewasimulia habari za baba yake.

Benedikto alijua habari ya shangazi yake. Baba yake alimwambia akiwa mgonjwa: "Mtoto wa shangazi yako nilikatazwa kumtaja. Nakwambia wewe ujue tu." Benedikto akajua. Kisha akamwambia Tunu, akaongeza, "Kamwombe shangazi ruhusa kwanza."

Tunu akapanda Mgeta, akamkuta Skolastika anamenya njegere.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Njegere hizo hapo, usikae mikono mitupu."

Tunu akakaa, akamenya. "Bibi, tunatengeneza filamu ya marehemu. Naomba ruhusa nikuweke na wewe."

"Mimi nimefanya nini cha kuwekwa?"

"Ulitunga ule wimbo, bibi."

Skolastika akaacha kumenya. "Nani kakwambia?"

"Benedikto."

Skolastika akacheka. "Basi niwekeni. Ila mtafuteni msichana mwenye meno mazuri. Meno yangu yalikuwa mazuri mimi, waulize."

Hiyo ndiyo ruhusa aliyoitoa. Tunu hakuuliza habari ya mtoto. Alikiri baadaye kwamba aliogopa kukataliwa.

Filamu ikapigwa. Bwana Kilongo akaitazama, akasema, "Ndefu. Halafu inaliza. Watu wanakuja sinema kusahau misiba yao, siyo kukutana na wa mwenzao. Mtoe huyu dada."

Tunu akasema, "Ukimtoa dada, wimbo unatoka wapi?"

"Unatoka kichwani mwake. Watunzi si ndivyo wanavyofanya?"

Dada akatolewa, na filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja mjini Morogoro. Ukoo mzima ukateremka. Skolastika akakaa mbele na kitenge kipya, akingoja kujiona.

Tukaona nini? Tukaona Wenseslaus katika suti nyeupe, ilhali miaka ile bendi nzima ilikuwa ikiazimana viatu. Tukamwona amekaa peke yake kando ya mto mpana, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Mto wa Mgeta haujatulia tangu uumbwe. Akatazama juu, gitaa likalia lenyewe, wimbo ukapatikana. Ukumbi ukapiga makofi. Dada hakuwepo. Hakuwepo jikoni, hakuwepo kanisani, hakuwepo hata kwenye mazishi ya kaka yake, ambako yeye ndiye aliyekishika kichwa cha marehemu.

Taa zikawaka. Skolastika akageuka akatuuliza, "Sasa meno yangu wameyaweka wapi?"



Tunu hakukubali. Alibishana na Bwana Kilongo muda mrefu, akakosa kazi nyingine kwa sababu ya ubishi huo, mpaka akaruhusiwa kutoa filamu yake kama alivyoikusudia mwenyewe. Ndiyo iliyoitwa toleo la mwongozaji. Ilizidi ile ya kwanza kwa karibu saa nzima. Safari hii akaileta Mgeta kwenyewe, akaionyesha katika ukumbi wa parokia.

Nimeyatazama matoleo yote mawili, tena si mara moja, na lazima niseme kwa haki: la pili ni la kweli zaidi. Mto ule wa beseni umeondoka. Suti nyeupe imeondoka. Viatu vinaazimwa, na mpiga ngoma anapiga pekupeku. Na dada yupo. Msichana waliyemweka alikuwa na meno mazuri kweli, na alipocheka mara ya kwanza pale kwenye kitambaa cha sinema, Skolastika alimpiga jirani yake paja akasema, "Mwone huyo. Ndiye mimi."

Aliyasema hayo, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Halafu ikaja sehemu ya mtoto. Walimtaja kwa jina. Walimwonyesha amelala mapajani mwa mama yake, na kamera ikakaa pale, ikakaa, ikakaa, huku yule msichana mwenye meno mazuri akivumisha wimbo kwa mdomo uliofungwa. Skolastika akajifunika kanga kichwani. Ukumbi ukalia. Wengine wakapiga makofi huku wakilia. Na nyuma yangu sauti ya mwanamke, bila ubaya wowote, ikasema, "Kumbe ndiye yule aliyemwimbia maiti."

Neno lile lilikuwa limezikwa pamoja na wakwe waliolisema. Siku ile lilifufuka, tena kwa vijana ambao wasingelijua kamwe. Skolastika alipokwenda gulioni, watu walimnyooshea kidole. Vijana wakaja na simu kumpiga picha mlangoni kwake. Mmoja akamwomba, "Bibi, tuimbie kidogo, kama siku ile." Tangu hapo akawa anamenyea njegere zake ndani.

Toleo la kwanza lilimchukua mama pamoja na maiti ya mtoto wake, likawatupa wote wawili. Toleo la pili likawarudisha wote wawili, wameshikana. Hakuna aliyejishughulisha kuwatenganisha.

Benedikto aliposikia shangazi yake hatoki nje, aliwakusanya wenzake, wakapanda Mgeta kuomba radhi. Wakakaa uani. Waliomba radhi, ndiyo, lakini kila mmoja aliiomba huku akimtupia mwenzake lawama.

Bwana Kilongo akasema, "Bibi, mimi nilikutoa, sikatai. Lakini kwenye filamu yangu hakuna aliyemwona mtoto wako. Siri yako kwangu ilikuwa salama. Waliokunyooshea kidole hawakutoka kwenye ukumbi wangu."

Tunu akasema, "Hukujua hata kama ni siri, Bwana Kilongo. Usijivike sifa ya kazi iliyofanywa na mkasi. Bibi, mimi nilipigania jina lako mpaka nikakosa kazi. Bila mimi ungezikwa kama dada tu wa mtunzi. Niliomba ruhusa, ukanipa."

Benedikto akasema, "Uliomba nusu. Mimi nilikwambia umwombe, hukumwambia utaonyesha nini. Shangazi, mimi nilitaka upate haki yako. Kama ningenyamaza, nani angejua?"

Bwana Kilongo akamgeukia. "Wewe ndiye ulikuwa unajua yote. Sisi tulipewa habari, wewe ulipewa katazo."

"Katazo lilikuwa la baba. Baba amekufa."

"Na mdomo ukabaki kwako, bwana mdogo."

Skolastika alikuwa akimenya. Akamaliza ganda lililokuwa mkononi, akasema, "Nilisema msimtaje mtoto. Sikusema msinitaje mimi. Ni maneno mepesi, mtu hahitaji shule kuyashika. Huyu kanificha mimi. Huyu kamwanika mtoto. Huyu katoa neno ndani ya nyumba. Nimechoka kuwapima."

Benedikto akapiga magoti. "Tusamehe, shangazi."

"Nitasamehe wawili. Siku yangu ikifika, wawili mje mnitie udongo. Mmoja asinitie."

"Yupi, shangazi?"

"Atajijua."

Wakamsihi. Akawapa njegere, kila mtu fungu lake, mafungu sawasawa, wakateremka nayo. Hakulitamka tena jambo hilo mpaka alipofariki, msimu wa baridi uliofuata.

Tukamzika Mgeta, kando ya kaka yake, na upande wa pili yule binti. Padre akamaliza sala. Ukoo ukapita, kila mtu akachukua konzi ya udongo, akatia. Mwishoni wakabaki watatu. Bwana Kilongo akainama akachukua udongo. Tunu akainama akachukua udongo. Benedikto akainama akachukua udongo. Wakasimama ukingoni, kila mmoja amefumba mkono, kila mmoja anawatazama wenzake wawili, akingoja yule anayejijua arudi nyuma.

Hakurudi hata mmoja. Wenye majembe wakawa wanangoja. Nyuma yetu kwaya ikaanza kuivumisha sauti ile ile, midomo imefungwa, na hakuna aliyewaagiza.

Habari hii nimeisimulia kwa watu wengi. Wapo wanaokimbilia kunijibu kuwa mkosaji ni Wenseslaus, aliyelala pembeni. Jibu hilo silipokei. Maiti hatii udongo. Chagueni kwa walio hai.

Yupo aliyemfuta mama, na mtoto akasitirika bila yeye kujua. Yupo aliyemrudisha mama, akamwanika mtoto kwa sababu aliogopa kuuliza. Yupo aliyekatazwa, akajua amekatazwa, akasema kwa nia njema. Mikono mitatu iko juu ya kaburi, na kauli ya marehemu ni kwamba mmoja usifunguke.

Je, ni mkono wa nani?