Kizibao cha Mchanga

Wapendwa, mnakiona kitambi hiki, lakini ujanani nilikimbia mpaka upepo ukaniomba niusubiri. Cheka tu, mama; mashahidi wangu wote wameshakufa. Basi msikilizeni anayezijua mbio.

Kulikuwa na mkimbiaji mmoja. Alijishonea kizibao cha turubai, akakijaza mchanga kilo kumi, akawa anapanda nacho mlima kila asubuhi, mikono imeshika mikanda kifuani ili kisimpige mbavu. Wanawake waliokuwa bombani wakimwona husema, "Pole na mzigo, kaka!" Naye hujibu akitweta, "Nimeshapoa, dada zangu!" Pole ile ikamkolea kama sukari.

Kocha wake akamwonya. "Mchanga unakufundisha kubeba. Nani atakufundisha kukimbia?"

"Mwalimu, siku nikikivua nitapaa!"

"Hata kuku ana mabawa."

Siku ya mbio za mchujo ikafika. Timu ya mkoa ilikuwa imebakiza nafasi moja, na umri wake haukumwachia mwaka mwingine. Pale mstarini akakivua kizibao, akakitupa. Mwepesi kama unyoya! Filimbi ikalia, akatangulia. Kisha, nawauliza, mwili hukumbuka nini? Si hukumbuka ulichozoea? Mabega yakapanda. Hatua zikafupika. Mgongo ukainama. Akapitwa na mmoja, na wawili, na watano.

Alipoanguka mwishoni, kocha akapiga magoti kando yake. "Mwanangu, umeshika nini?"

Akajitazama. Ngumi zake zilikuwa zimekaza kifuani, zimeshika mikanda isiyokuwepo.

Sasa tujitazame na sisi. Sisi tulitubu, tukaambiwa tumesamehewa. Aliyetukosea alikuja na jogoo, tukala naye sahani moja. Mzigo tuliutupa mbele ya mashahidi. Kwa nini basi bado tunatembea tumeinama? Ni kwamba tumeizoea ile pole. Tukinyooka, nani atatuhurumia tena?

Na mimi ninayesema mno, nisikieni. Ndugu yangu wa tumbo moja nilimsamehe hapa hapa madhabahuni, miaka kumi na mmoja sasa. Juzi nimepita mlangoni kwake, nikageuza uso.

Mila yetu inasema usiende kwa mtu mikono mitupu. Leo, tukimaliza ibada, mimi nakwenda kwake mikono mitupu. Na wewe hapo, hebu itazame yako. Umeshika nini?