Ngiri Aliyekata Mkia wa Namba

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kwa uvivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale kiangazi kilikuwa kikali, na kisima kilikuwa kimoja. Wanyama wakakubaliana: atakayeshinda mbio, ukoo wake utatangulia kunywa. Wa nyuma watakunywa tope. Digidigi alikuwa amechoka na tope. Wanawe walikuwa wakikohoa mchanga.

Njia ilikuwa nyembamba, hivyo kila mmoja alikimbia peke yake. Ngiri alishika saa. Ngiri huyo, jamani, alipenda mambo mafupi. Akakimbia Swala, pu-pu-pu-pu! Akakimbia Digidigi, ti-ti-ti-ti, roho mkononi.

Ngiri akaitazama saa, akatangaza kuwa Swala ametumia sekunde kumi na mbili, na Digidigi kumi na mbili. Wametoshana. Na desturi yao ilikuwa hivi: wawili wakitoshana, ushindi ni wa mwenye umbo kubwa.

Digidigi akamsogelea Ngiri. Akauliza, "Mzee Ngiri, baada ya kumi na mbili hapakuwa na kitu?"

"Palikuwa na nukta na vijimkia. Nimevikata."

"Visome, mzee wangu."

Ngiri akaguna, akasoma. Swala, kumi na mbili nukta nne. Digidigi, kumi na mbili nukta thelathini na nane. Wanyama wakaangua kicheko. Thelathini na nane kwa nne! Digidigi kaachwa mbali, tena kajitakia mwenyewe.

Digidigi hakulia. Akachora mavumbini kwa kwato, 12.4, na chini yake 12.38. Akawaeleza kuwa baada ya nukta kila tarakimu ina kiti chake. Kiti cha kwanza ni cha sehemu za kumi, cha pili ni cha sehemu za mia.

"Kiti cha pili cha Swala ni kitupu," akasema. "Mwekeeni sifuri, kisha msome tena."

Wakasoma: arobaini kwa thelathini na nane. Swala, muungwana yule, ndiye aliyesema kwanza, "Amenishinda kwa sehemu mbili za mia. Hata kope haijafumba."

Watoto wa Digidigi wakanywa maji safi, gu-gu-gu, mpaka matumbo yakajaa. Ngiri akaona haya. Akaapa hatausahau mkia tena. Tangu siku hiyo, ngiri akikimbia huusimamisha wake wima, aukumbuke.

Kukadiria si kosa ukipima maji ya uji. Lakini penye haki ya mtu, usikate mkia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mkia wake nimewaachia nyinyi.