Mpaka Uliovuka Mto

Mtu mmoja, jina lake Shigela, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na wezi wa ng'ambo ya mto wakawaswaga wote. Kijiji kikakutana, kikamtuma Luhende, kamanda wa walinzi, kwa amri fupi: wafukuze mpaka mtoni.

Luhende hakuishia mtoni. Alivuka, akachoma kaya mbili, akawakamata wachuuzi wawili wa chumvi waliokuwa wakijipitia na mizigo yao, akasema ndio waliowaonyesha wezi njia. Hakuwaleta kijijini wahojiwe. Aliwanyonga palepale, kisha akarudi na ng'ombe wote, hata mmoja hakupungua. Vigelegele vya siku ile, acha tu!

Kijiji kikakutana tena: Luhende apewe shukrani au karipio? Yeye akasimama kifua mbele, akasema wezi walivuka na mpaka ukavuka nao, sasa mlinzi angefanyaje? Watu wakacheka, wakampigia makofi. Kisha wakamgeukia Shigela, maana kwa desturi yao aliyerudishiwa mali ndiye hutangulia kusimama nyuma ya anayeungwa mkono, na wengine hujipanga nyuma yake.

Shigela alijua wanachokitaka. Na alimpenda Luhende, mtu asikudanganye. Wanawe walikunywa maziwa asubuhi ile kwa sababu yake. Lakini wale wachuuzi walimkaa rohoni, naye hakuwa mtu wa kuyumba. Akabaki pale pale alipokuwa, akasema kila mtu asikie:

"Kwa ng'ombe, ndugu yangu Luhende, ahsante sana. Lakini kama mpaka unahama na miguu yako, siku ukiingia kwangu nitakwambia umevuka upi?"

Lo, walivyomzomea! Hana shukrani huyu, walisema. Mstari wa Luhende ukauzunguka uwanja mzima, Shigela akabaki na watu wanne. Hakuinamisha kichwa.

Haikupita miezi miwili, Luhende akaingia nyumbani kwa yule aliyezomea kuliko wote, bila hodi, bila neno la baraza, akamtoa nje kaka wa mwenye nyumba akamfunga kamba. Mwenye nyumba akapiga yowe, akauliza ni nani aliyemtuma.

Nami nawauliza ninyi mlioketi hapa: kweli hakumjua aliyemtuma?