Mwezi Haukuwamo Kompyutani

Chumba cha swichibodi kilikuwa kwenye pembe ya chini ya hospitali, baina ya stoo ya mashuka na ngazi ya kupandia wodi ya wazazi. Kilikuwa kidogo kama kabati, lakini katika hospitali ile kubwa ya kisiwani Mombasa hapakuwa na mtu ambaye sauti yake haikupita humo. Bi Tumu alikaa humo miaka ishirini na miwili, vipokezi masikioni, buibui lake limetundikwa msumarini, vidole vikichomeka na kuchomoa nyaya za simu kwa wepesi wa msusi wa ukili. Muuguzi akimwambia, "Bi Tumu, nipatie daktari wa upasuaji," yeye hujibu neno moja tu, "Ngoja," na kabla muuguzi hajameza mate, daktari yuko kwenye simu auliza kuna nini. Alimpataje? Hakuna aliyejiuliza. Kwani mtu hujiuliza hewa imefikaje puani?

Kadzo Ngala hakujiuliza pia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kaloleni, mwenye stashahada ya mitambo ya mawasiliano na kichwa chepesi kama wembe mpya. Hospitali ilimwajiri kwa mkataba wa miezi mitatu alete mambo ya kisasa. Mwaka wa 1999 ulipoingia, kila idara ilikuwa na kompyuta yenye barua pepe, na madaktari bingwa wanne wamepewa simu za mkononi, nzito kama matofali lakini zikionewa fahari kama dhahabu. Juu ya yote, Kadzo alitunga programu iliyobeba orodha ya zamu. Muuguzi angeandika ombi lake, kompyuta ingetazama zamu ni ya nani, na simu ya daktari huyo ingelia palepale.

Bwana Jamaldin, meneja wa hospitali, aliutazama mtambo huo akatabasamu. Kisha akaweka sharti.

"Juma moja la majaribio, kuanzia Jumamosi. Likipita bila mgonjwa kukosa daktari, swichibodi naifunga moja kwa moja, Bi Tumu atastaafu, nawe utapata barua ya kazi ya kudumu. Daktari akikosekana hata mara moja, mkataba wako umekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bwana." Kadzo alijibu bila kupepesa. Nyumbani Kaloleni wadogo zake watatu walikuwa wakisoma kwa jasho lake, na barua ile alikwisha kuiona kwa macho ya moyo, muhuri na saini.

Ijumaa, siku ya mwisho ya swichibodi, aliteremka kwenda kuchukua nambari za simu za madaktari.

"Shikamoo, Bi Tumu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizika? Na udongo u wapi?"

"Hakuna kuzikana, bibi! Nataka nambari za madaktari tu."

Bi Tumu alizitaja zote kwa kichwa, moja baada ya moja, bila kutazama karatasi. Alipomaliza akasogeza kigoda. "Hizo ni nambari za simu. Sasa keti nikupe na habari za wenyewe."

"Za wenyewe ninazo, bibi. Ofisi imenipa orodha ya zamu, na muhuri umepigwa. Hata Idi nimeitia. Daktari Sabir alimshikia Daktari Masha zamu ya Krismasi naye yuko na saumu, kwa hivyo siku ya Idi Daktari Masha atalipa. Jumanne."

"Jumanne? Nani kakwambia ni Jumanne?"

"Kalenda."

Bi Tumu aliangua kicheko hadi vipokezi vikamtoka masikioni. "Kalenda! Haya, na hiyo kalenda yako huutazama mwezi kwa jicho gani?" Akafungua kinywa aongeze neno, lakini Kadzo alikwisha kukumbatia majalada yake.

"Nina kompyuta tisa za kuunganisha kabla ya jioni, bibi. Tutazungumza siku nyingine."

"Siku ni zako, mwanangu. Ila kwangu Kuze sina simu. Ukinitaka, uje kwa miguu."

Ndivyo ilivyokuwa: aliyeunganisha simu za mji mzima hakuwa na simu yake.

Jumamosi na Jumapili mtambo ulikwenda kama maji mferejini. Jumatatu asubuhi Kadzo alitoka nyumbani akiimba, na wimbo ukamkatikia njiani. Wanaume walikuwa wamevaa kanzu zilizonyooka kwa pasi, na harufu ya udi ilitoka kila dirisha. Watoto walikuwa na nguo mpya. Mwezi ulikuwa umeandama jana magharibi. Idi ilikuwa leo!

Alijua, kama ajuavyo kila mtu wa Pwani, kwamba Idi hungojea mwezi. Lakini kujua ni mbali na kukumbuka ni mbali. Alikimbilia kompyuta yake, akafuta jina la Daktari Sabir katika zamu ya siku hiyo, akaandika la Daktari Masha. Akashusha pumzi. Makosa yamesahihishwa, na hakuna aliyeona.

Saa tatu na nusu mlango ulisukumwa kwa nguvu. Alikuwa Sista Dama, mkuu wa wodi ya wazazi, na aproni yake ilikuwa na damu.

"Kadzo, daktari yuko wapi? Nina mama amejifungua na damu haikatiki. Ni robo saa nzima tangu niandike ombi!"

Kadzo alitazama kioo cha kompyuta. "Ujumbe umefika, sista. Umefika kwa Daktari Masha saa tatu na dakika kumi na sita."

"Umefika kwake, yeye mbona hajafika kwetu? Huyu daktari kijana aliyeko anamfinya tumbo na kumtilia maji ya mshipa, lakini kupasua hawezi. Mama ana watoto wengine wawili nje, wamekaa na nyanya yao. Nipe daktari, si habari za ujumbe!"

Kadzo alinyanyua simu ya mezani. Aliipiga simu ya Daktari Masha mwenyewe. Ilipokelewa na mkewe.

"Simu ameiacha hapa kwenye chaji. Alisema zamu yake ni kesho. Ametoka kwenda kwa fundi wa gari."

"Fundi gani, mama?"

"Mwanangu, mafundi wa Mombasa wanahesabika?"

Akaipiga ya Daktari Sabir. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba mteja hapatikani. Daktari alikuwa njiani kwenda Malindi kula Idi na mamake, na nje ya mji simu zile hazikuwa na mtandao. Mabingwa wawili waliobaki walikuwa likizoni. Kadzo akatuma barua pepe kwa kila idara, kisha akakumbuka kwamba siku ya sikukuu ofisi zote zimefungwa. Alikuwa na kompyuta tisa, simu nne na programu isiyo na kasoro, na bado alikuwa kama mtu apigaye kelele kisimani.

Alijua ni nani awezaye kumpata Daktari Masha. Alijua pia kwamba akimwita, ndiyo kukiri kuwa majaribio yameshindwa, na barua ya kazi imekwenda na maji. Alimtazama Sista Dama, akaitazama aproni yake.

"Nipe dakika kumi," alisema, akatoka mbio.

Kavumbi, dereva wa ambulensi, alimpitisha Barabara ya Biashara, ambako maduka ya leso yote yalikuwa yamefungwa, akamshusha palipokoma njia ya magari. Kadzo alivua viatu akavishika mkononi, akakimbia vichochoroni mwa Kuze akiuliza nyumba kwa nyumba. Alimkuta Bi Tumu barazani na wageni, amejifunga leso mpya, birika la kahawa mkononi.

"Bi Tumu," alisema akihema, "nimekuja kwa miguu."

Mwanamke mwingine angeanza na maneno. Bi Tumu alimtazama usoni mara moja, akatua birika. "Nani amekosekana?"

"Daktari Masha. Kuna mama anavuja damu. Mkewe asema yuko kwa fundi."

"Jumatatu bila zamu? Yuko Makupa, gereji iliyo nyuma ya stesheni ya malori. Huyo na gari lake kuukuu ni chanda na pete. Ndoo, nifuate!"

Aliingia kwa jirani yake mwenye duka la ubani, ambaye hakufungua mlango siku hiyo ila kwa ajili yake, akanyanyua simu na kuzungusha nambari bila kufikiri. "Hallo, mwenye hoteli ya chai? Idi njema. Chungulia hapo nyuma. Waona miguu ya mtu yatoka chini ya gari la kijani? Basi huyo ni daktari. Mvute miguu, umwambie Tumu asema wodi ya wazazi, damu, sasa hivi. Asioge!"

Akaweka mkono wa simu mahali pake. "Kwa mwendo wake, kutoka Makupa hadi hospitali ni dakika tisa. Sasa twende, tusimwachie Dama peke yake."

Daktari Masha aliingia chumba cha upasuaji na grisi viwikoni, akasugua mikono hadi ikawa myekundu. Saa moja na nusu baadaye alitoka, akavua barakoa, akasema mama yu hai. Nje ya mlango, bibi mmoja mzee aliinamisha kichwa juu ya vitoto viwili akalia kwa kwikwi. Ndipo Kadzo alipokumbuka kuvaa viatu vyake.

"Lakini Bi Tumu," daktari aliuliza, "jana mbona hukunipigia?"

"Nimefungiwa mlango wa swichibodi, daktari."

"Msikiti mmoja ulisema mwezi umeonekana, mwingine ukasema la. Nikasema mimi simo, nangoja Bi Tumu. Miaka kumi na moja, usiku wa mwezi wanipigia: 'Umeandama, zamu imegeuka.' Usipopiga, kwangu Idi bado."

Kadzo alisikia maneno yale yakimwingia kama sindano. Hakuna karatasi ya ofisi iliyotaja simu hiyo. Hakuna aliyemwagiza Bi Tumu aipige.

Bwana Jamaldin alifika na kanzu yake ya Idi, ananukia udi, ameitwa kutoka mezani. Alisikiliza yote, kisha akamgeukia Kadzo. "Daktari aliacha simu nyumbani. Basi kosa ni lake?"

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa wazi, na Kadzo aliuona. Angeitikia kwa kichwa tu, barua ingekuwa yake.

"La, bwana. Kosa ni langu. Nilibadilisha jina kwenye kompyuta nikadhani nimembadilisha mtu. Bi Tumu alitaka kunieleza Ijumaa, nikamwambia sina wakati."

Meneja alirudi kwenye sharti lake. "Nilisema daktari akikosekana hata mara moja..."

"Mwanangu Jamaldin," Bi Tumu alimkata, "ukimfukuza huyu utaleta mwingine asiyejua hata kukimbia."

Daktari Masha alicheka, na hata Bwana Jamaldin ikambidi afute mdomo kuficha tabasamu. "Haya. Barua ya kudumu sitoi. Natoa mkataba wa miezi mitatu mingine. Swichibodi haifungwi. Kaeni humo nyote wawili, na kila alijualo Bi Tumu, Kadzo alitie mtamboni."

Wakaanza mchana uleule. Kadzo alikaa juu ya kigoda, kalamu mkononi, na Bi Tumu akahesabia vidoleni. Daktari fulani simu ya kwanza haipokei, piga mara mbili. Fulani akiwa na zamu Ijumaa, kuanzia adhana hadi sala imalizike mtafute kwa mlinzi wa msikiti. Yule wa maabara usimwamshe kwa kengele, ana maradhi ya moyo, mwamshe mkewe. Damu ikipungua benki, kuna walimu wawili wa madrasa Kuze na makuli watatu bandarini ambao hawajawahi kukataa kuitoa.

"Na mwezi, Bi Tumu? Nauandikaje?"

"Mwezi hauandikwi, mwanangu. Huangaliwa. Acha hapo pawe wazi, nami nitakwambia."

Kadzo akaacha nafasi ile tupu. Bwana Jamaldin alikuwa bado amesimama mlangoni, ziara za Idi zimemtoka akilini, akitazama karatasi ya nne ikijaa.

"Miaka yote hii," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilidhani simu zinajiendea zenyewe. Haya yote yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa kazini, bwana," Kadzo alijibu, na hakuinua kichwa, kwa maana Bi Tumu alikwisha kufikia karatasi ya tano.

Wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, vimeundwa.