Nyani na Mkuyu wa Majini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Mto!
Mtoni kuna nini?
Mkuyu!
Mkuyu wa nani?
Wa Mungu!

Hilo Nyani hakulijua. Siku makuyu yalipoiva alipanda mtini akajitangaza kuwa ndiye mwenye mti. Akala asubuhi, akala mchana. Kadiri tumbo lake lilivyojaa, ndivyo matumbo ya wengine yalivyosinyaa. Bi Popo aliishi mtini humo, kitoto kifuani. Siku ya tatu maziwa yakakauka. Kitoto kikaacha kulia, na hapo ndipo Bi Popo alipoogopa.

Alfajiri ukungu ulilala mtoni, maji hayatikisiki. Bi Popo akajining'iniza karibu na Nyani.

"Mzee, nigawie kuyu. Moja tu."

"Huna haya! Simama wima kwanza ndipo uongee na mimi."

"Mbona mimi nakuona wewe ndiye uliyepinduka, mzee wangu?"

Nyani akacheka, kha kha kha! Bi Popo akatazama majini. Kulikuwa na mkuyu mwingine, mizizi juu, matawi chini, na nyani mwingine anatafuna.

"Basi nitamwomba nduguyo," akasema. "Naye ana makuyu tele."

Nyani akainama. Akapanda tawi moja. Yule wa majini akashuka tawi moja. Akapanda mawili; yule akashuka mawili.

"Ananikimbia!"

"Hakukimbii. Hufanya kinyume chako. Ukipanda, anashuka. Ukiangusha, anarusha. Jaribu uone."

Nyani akaangusha kuyu. Na kweli, kutoka kilindini kuyu likapanda, likapanda, likaja kumlaki mwenzake. Chubwi!

"Nimeliona! Liko wapi sasa?"

"Limegota kwenye uso wa maji. Moja halina nguvu, mzee. Yakija mengi yatapenya."

Maji yakatulia. Nyani akaangusha. Kuyu likapanda. Chubwi!

Maji yakatulia. Nyani akaangusha mawili. Mawili yakapanda. Chubwi, chubwi!

Mwisho akatikisa mti mzima. Makuyu yakashuka, makuyu yakapanda, kama mvua mbili zinazosalimiana. Bi Popo akatazama hata akasahau njaa.

Mti ukabaki majani. Mto ukayachukua makuyu polepole, ukayaegesha kwenye matete penye kona. Huko Bi Popo akala akashiba. Maziwa yakarudi. Kitoto kikalia, kikasikika hadi mkuyuni.

"We bibi!" Nyani akapiga kelele. "Yarudishe mtini!"

"Hayarudi, mzee. Kule chini, lishukalo hupanda. Huku kwetu, lishukalo limeshuka."

Basi funzo, wanangu, ni hili: usimsikilize anayening'inia kichwa chini. Nyani hamsikilizi tena. Anasikiliza tumbo lake, nalo linaongea mchana kutwa.

Nimefika ukingoni. Aliye juu ashuke, aliye chini apande.

Pakawa!
Paukwa!